Moyo Uliovunjika Una Haki Gani?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia barazani mama mmoja wa hapa Singida. Alinisalimu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akawa anafunga na kufungua pindo la kanga yake kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Mimi nilidhani amekuja kwa shida ya ada ya madrasa, nikawa tayari kumwambia asijali. Kumbe siyo. Akasema: "Maalim, binti yangu chakula hagusi, usiku hapati usingizi, na kitabu hashiki. Nilidhani ni homa. Nimempeleka hospitali, wamempima damu, hawakuona kitu. Juzi ndipo nilipojua. Kuna kijana alikuwa akimwandikia kwenye simu, na sasa kijana huyo amemwacha. Maalim, nimchape au nimpe uji?"

Nilimjibu palepale kuwa ampe uji. Jambo hilo halikuhitaji kufungua kitabu.

Lakini alikuwa na suala la pili, na hilo ndilo lililonishinda. Binti huyo ana rafiki zake wanne, wote wa kidato cha nne kama yeye. Kila siku wakitoka shule huja nyumbani kwake, huingia chumbani, hufunga mlango. Mama anasema mara huwasikia wanalia, mara huwasikia wanacheka, na yote mawili yanamtia khofu. "Niwafukuze, Maalim? Au niwaache wazidi kumharibia mwanangu?" Nikamwomba anipe siku mbili. (Nimebadilisha mambo mawili matatu katika khabari hii ili mtu asije akajulikana, na mama mwenyewe ameniruhusu kuiandika.)

Suala lenyewe, tukilitazama vizuri, ni hili: mtu akipata huzuni kwa jambo ambalo tangu mwanzo halikuwa lake kulifanya, je, ana haki ya kuliwazwa? Na wale wanaomliwaza, mpaka wao uko wapi? Wengi wetu tunalijibu upesi. Tunasema: amejitakia mwenyewe, mwache aione dunia. Au tunasema: hao ni watoto, watasahau. Majibu yote mawili ni mepesi kwa anayeyatoa.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninahalalisha maingiliano ya vijana wa kike na wa kiume yasiyo na mipaka. Hukumu ya faragha baina ya wasio maharimu inajulikana na kila aliyesoma madrasa, na simu imezidisha, kwani sasa faragha inaweza kufanyika mtoto akiwa amekaa baina ya baba yake na mama yake. Lakini kuhukumu kitendo ni jambo moja, na kumtazama aliyejeruhiwa ni jambo jingine. Mtu akiingia msitu wa Itigi kurina asali kwenye mzinga usio wake, akaumwa na nyuki hata uso ukafura, huanzi kwa kumsomea babu ya wizi. Unaanza kumtoa miiba. Akishapoa na kuweza kusikia, basi hapo mkumbushe mzinga ni wa nani.

Basi katika siku zile mbili yalinitokea mambo mawili. La kwanza ni la mzaha kidogo, nalo nitalieleza kwanza.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilikuja Singida mwaka 1986, nikashuka Manyoni kwenye gari moshi, nikapanda lori hadi mjini, nikakuta mji uliokaa baina ya majabali na maziwa mawili, Singidani na Kindai, na upepo usiopumzika. Wakati huo hapakuwa na televisheni Bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974, sisi tukangoja mpaka 1994. Tukitaka kucheka tuliwasikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania, na kicheko kikisha redio ilizimwa ili betri zisiishe. Nasema haya ili ijulikane kuwa sikukulia mbele ya picha zinazotembea, na kwa miaka mingi nimezisema vibaya mimbarini. Sijatubu kabisa katika hilo.

Sasa mjukuu wangu mmoja, aliyekulia Uingereza, alikuwa amekuja likizo. Aliniona nimeinama, akaniuliza, "Babu, una nini?" Nikamweleza suala bila ya kutaja nyumba. Akacheka, akasema, "Babu, hili nimeliona katika mchezo." Akaleta kompyuta yake, akaiweka juu ya marfaa ninayowekea msahafu. Nikamwambia aiondoe hapo kwanza, aiweke kwenye kigoda. Akaiweka. Kiingereza changu ni cha kununulia sukari dukani, basi yeye akawa ananitafsiria.

Mchezo unaitwa Boy Meets World. Ni wa Kimarekani, wa kuchekesha, wa nyumba ya baba, mama na watoto katika mji wa Philadelphia, nao ulioneshwa huko kuanzia 1993 hadi 2000. Kuna kijana anaitwa Cory, na msichana anaitwa Topanga, wanaojuana tangu utoto. Na kuna rafiki wa Cory, anaitwa Shawn. Yuko pia mwalimu wao mzee, Bwana Feeny, ambaye ni jirani wa akina Cory, ua kwa ua, na huwa anawafundisha mwaka baada ya mwaka wala hawachoki. Mwalimu huyu nilimpenda. Mjukuu wangu akasema, "Nilijua tu, Babu."

Mengi ya mchezo ule sikuyapenda. Watoto wanakumbatiana mbele ya wazazi kama vile ni salamu. Lakini katika mwaka wa tano wa mchezo, mwanzoni mwa 1998, lilitokea jambo lililonikalisha. Cory anakwenda na wenzake wa shule kwenye milima ya theluji, anaumia kifundo cha mguu, anabaki ndani, anakaa akizungumza na msichana mwingine mpaka alfajiri. Anaporudi anaficha, na akiulizwa hasemi kweli yote. Topanga anakuja kujua. Wanaachana.

Hapo ningetazamia kuoneshwa vilio vya wawili hao, na kweli vilikuwapo. Lakini waliotunga mchezo wakamgeukia yule rafiki, Shawn. Huyu ni mtoto wa nyumba iliyovunjika. Mama yake alikwenda zake, baba yake ni mtu wa kutangatanga, na kwa miaka yote amekuwa akila na kulala kwa akina Cory. Watu wawili wale kupendana ndilo jambo pekee katika dunia yake lililokuwa halitikisiki. Basi Cory na Topanga wanagombana mpaka darasani, wote wanabakishwa shule baada ya masomo kwa adhabu, na Shawn anasinzia. Anaota kuna mwuaji aliyevaa barakoa anazunguka shuleni akiwaua rafiki zake mmoja mmoja. Yote yanafanywa kwa kuchekesha, mjukuu wangu alikuwa akigaragara. Mwishowe barakoa inavuliwa, na uso ulio chini yake ni uso wa Shawn mwenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa bado anacheka. Mimi nilimwambia asimamishe hapo.

Kwani rafiki huyu alikuwa anadhani anawalilia wenzake, na kwa kweli alikuwa anajililia nafsi yake. Alitaka warudiane ili yeye apate mahali pa kuegemea. Na mtu anayetaka jambo kwa ajili ya nafsi yake, huku akisema analitaka kwa ajili ya mwenzake, anaweza kumtendea mwenzake ubaya mkubwa bila ya kujijua. Sikutazamia kulipata hilo katika mchezo wa kuchekesha wa Wamarekani, lakini hikima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote akikikuta hukiokota.

Baadaye, aliniambia mjukuu, Cory na Topanga walirudiana, na mwaka 1999 wakaoneshwa wakifunga ndoa. Haya, michezo lazima irudishe watu, kwa kuwa watazamaji ndio wenye mali. Mwenyezi Mungu hakutuahidi hivyo.

La pili lililonitokea ni kwamba usiku ule nilishindwa kulala, kwa sababu barakoa ile ilinikumbusha Barira, na Barira akanikumbusha jambo langu mwenyewe.

Khabari ya Barira wengi wenu mnaijua, lakini mara nyingi husomwa katika mlango wa fiqhi tu, ikapitwa. Barira alikuwa mjakazi, Bibi Aisha (R.A.) akamnunua na kumwacha huru. Alikuwa na mume, Mughith, ambaye naye alikuwa mtumwa. Alipokuwa huru sharia ilimpa khiari ya kubaki na mumewe au kutengana naye. Barira akachagua kutengana. Ibn Abbas (R.A.), katika riwaya iliyomo kwa Bukhari, anasimulia kama mtu anayemwona bado: Mughith akimfuata Barira kwa nyuma katika njia za Madina, analia, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

Angalieni sasa. Mwanamume mzima, ana ndevu, analia njiani nyuma ya mwanamke asiyemtaka, na mji mzima unaona. Kwetu huku angeitwa majina. Angeambiwa ajikaze, angetungiwa nyimbo za harusini. Bwana Mtume (S.A.W.) alipomwona hakumcheka wala hakumkaripia. Alimgeukia ami yake Abbas, akastaajabu naye jinsi Mughith alivyompenda Barira na jinsi Barira alivyomchukia Mughith. Kisha akafanya zaidi ya kustaajabu, akamwendea Barira, akamwambia lau angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akamjibu kuwa yeye anashufaia tu. Basi Barira akasema hana haja naye.

Na mambo yakaishia hapo. Hatukupokea kuwa Mtume alimkasirikia, wala kuwa alirudi mara ya pili na wazee, wala kuwa Bibi Aisha aliambiwa amfungie mlango. Bali tumepokea kuwa Barira alipopewa nyama ya sadaka, na Mtume haruhusiwi kula sadaka, alikula kutoka nyama ile, akaeleza kuwa kwa Barira ni sadaka na kwetu sisi ni zawadi yake. Alimkatalia shufaa yake, na bado alikula chakula chake. Nani kati yetu sisi masheikh angeweza hilo? Mtu akitukatalia neno tunanuna hata harusi yake hatuendi.

Sasa jambo langu. Mwaka 1999 nilisimamia uchumba wa vijana wawili, wote wanafunzi wangu. Kijana alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitunguu, na msichana alikuwa katika wanafunzi wangu bora, amekhitimu na anasoma hadithi kwangu pamoja na wenzake wa kike kila Alkhamisi. Posa ilipokewa, siku ikatajwa. Miezi miwili kabla ya siku hiyo msichana akasema hataki tena. Hakutoa sababu kubwa. Alisema moyo umekataa.

Kijana akaanguka. Alikuja kulia barazani kwangu, rafiki zake wakaja naye, wakawa wanalala msikitini kwa zamu ili asibaki peke yake. Hilo lilikuwa zuri na nililisifu. Lakini vijana wale wakaniambia, "Maalim, wewe ukisema neno moja yule atarudi." Nami nikaenda.

Nilimkuta na mama yake wanapepeta mtama. Nikasema maneno mengi. Nilisema juu ya ahadi, juu ya aibu ya wazee, juu ya kijana wa watu anayekonda. Msichana alinisikiliza hadi mwisho, akaweka ungo chini, akaniuliza: "Maalim, hii ni amri au ni shufaa?"

Nami ndiye niliyemsomesha hadithi ile. Kwa mdomo wangu huu, Alkhamisi, yeye akiandika kwenye daftari.

Jibu lilikuwa moja tu na nililijua. Badala yake nilimwambia, "Wewe ni mwanangu, na mwana humsikiliza baba yake." Mama yake akaitikia, "Umemsikia Maalim." Msichana akanyanyua ungo wake, akaendelea kupepeta. Waliozwa katika mwezi wa Shaabani.

Haikufika miaka miwili akajikhului kwa kurudisha mahari, naye ana mtoto wa miezi minane mgongoni. Sitaeleza yaliyompata humo ndani, kwani si yangu kuyaeleza. Kijana yule aliyekuwa akimlilia ndiye aliyemtendea hayo, wala simshangai sana: mtu aliyeletewa mke kwa kuburutwa huijua siri hiyo kila siku anayomtazama, na inamla. Miaka baadaye mama yule aliniletea mtoto wake nimsomeshe. Alinisalimu kama zamani, "Shikamoo, Maalim." Sikuweza kuitikia upesi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Nilikuwa nikijiambia ni kwa huruma ya kijana. Usiku ule, baada ya mchezo wa mjukuu wangu, niliona kuwa huruma ilikuwa robo tu. Robo tatu ni kwamba uchumba ule niliufunga mimi, na watu wa mji wangesema mkono wa Maalim hauna baraka. Barakoa ilivuliwa, na uso ulikuwa wangu.

Na katika sharia yetu jambo lilikuwa wazi kabisa. Posa ni ahadi, si akidi. Kila mmoja anaweza kurudi nyuma, ingawa kurudi nyuma bila ya sababu si tabia njema, na mahari yaliyotangulizwa hurudishwa kwa kuwa ndoa haikuwapo. Hata serikali, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, imeweka njia ya aliyevunjiwa ahadi kudai fidia ya hasara yake na zawadi zake. Ni mali hizo. Na ikiwa walioana kabisa wanaambiwa na Kitabu kushikana kwa wema au kuachana kwa hisani, vipi wale ambao hawajaoana bado?

Asubuhi nilifungua vitabu, nikatafuta wanavyuoni wamesema nini juu ya rafiki wa mtu aliyeachwa. Nilimwendea Ibn Hazm wa Andalus, aliyezaliwa Kordoba mwaka 994 wa miladi na kufariki 1064. Watu wanamjua kwa ukali wake katika fiqhi, na kweli kalamu yake ilikuwa panga. Lakini mtu huyo huyo, akiwa kijana wa chini ya miaka thelathini, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi, kinachoitwa Tawq al-Hamama, yaani Ukosi wa Njiwa. Humo anaeleza kuwa dini haikukataza kupenda, kwa kuwa nyoyo ziko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Kinachohukumiwa ni viungo. Tena anaeleza khabari yake mwenyewe: alipokuwa hajatimiza miaka ishirini alifiwa na kijakazi aliyempenda, akakaa miezi 7 bila ya kuvua nguo alizokuwa nazo. Faqihi mkubwa, na hakuona haya kuliandika.

Katika kitabu hicho ameweka mlango mmoja kwa ajili ya rafiki anayesaidia, na mlango mwingine kwa mtu anayelaumu, na mwingine kwa mtu wa kufitini. Nilipousoma mlango wa rafiki nilimkumbuka binti wa yule mama na wenzake wanne chumbani. Rafiki anayesifiwa na Ibn Hazm ni yule mpole, mtunza siri, anayestahimili, anayejua lini aseme na lini anyamaze. Nani asiyetamani rafiki wa namna hiyo? Naye Ibn Hazm alijua ni wachache.

Kisha nikamtazama Ibn al-Qayyim wa Damaskasi, aliyefariki 1350. Yeye ni mkali zaidi. (Ndiye aliyepinga ile riwaya wanayoipenda watunga mashairi wetu, kwamba anayependa akajizuia na akaficha mpaka akafa huwa shahidi. Anasema haikusihi kwa Mtume, na ni bora tuiache.) Lakini katika Zad al-Maad, pale anapokusanya tiba za Mtume, mapenzi yaliyozidi ameyaweka pamoja na maradhi mengine, na akayatafutia dawa kama tabibu. Kama njia ya halali ipo, dawa ni ndoa. Kama njia haipo, dawa ya kwanza ni kuifahamisha nafsi kuwa jambo hilo haliwezekani, kwani nafsi ikishakata tamaa ya kitu hupumzika nacho.

Neno hili ni zito na lina manufaa makubwa. Tunadhani kumliwaza mtu ni kumpa matumaini. Tunamwambia, atarudi tu, subiri, nimemwona jana amesimama peke yake, nadhani anakukumbuka. Kila neno la namna hiyo ni kuni. Aliyeachwa angekuwa ameshafika mwisho wa kilio chake siku ya kumi, lakini siku ya tisa rafiki kaja na kijineno, na hesabu inaanza upya.

Basi siku ya tatu nilikwenda kwa yule mama, nikafuatana na mke wangu. Nilimwambia mama: usiwafukuze. Mlango usifungwe, ubaki wazi na pazia lishushwe, hilo linatosha. Mtoto mwenye huzuni aliyenyang'anywa marafiki hana atakayebaki naye ila simu, na simu ndiyo iliyomwumiza. Lakini nikamwomba nikae nao kidogo.

Mke wangu akaingia kwanza, kisha akaniita. Binti amelala ukutani, amefunika kichwa. Mmoja wa wenzake alikuwa sakafuni, ana madaftari mawili, anamnakilia mwenzake masomo ya Jiografia yaliyompita, wala hakuinua kichwa isipokuwa kuniamkia. Nikasema moyoni, Ibn Hazm, njoo umwone. Wa pili alikuwa akimlaani yule kijana kwa sauti hata nilipoingia, akakatiza katikati ya laana. Nilimwambia tu kuwa nyama ya mtu aliyekufa haina ladha, naye alifahamu, kwa kuwa Suratul Hujurat ameihifadhi kwangu. Wa tatu nadhani alikuja kwa ajili ya chai, na si vibaya, katika kila msiba lazima awepo mmoja.

Wa nne alikuwa na simu mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akileta khabari: leo fulani kavaa nini, kakaa na nani, kaandika nini. Nilimwuliza polepole, "Mwanangu, maneno haya unayoleta, yule kijana anakutuma?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hapana, Maalim. Nayatafuta mwenyewe."

"Kwa nini?"

Alichukua muda. Mwenzake akaacha kuandika. "Sisi sote tulikuwa tukienda shule pamoja, Maalim, na yeye na kaka yake na wao wawili. Sasa tunapita njia mbalimbali. Nikasema wakipatana wao, tutarudi kuwa kama zamani." Na yeye akaanza kulia, kwa mara ya kwanza nadhani kilio kilichokuwa chake.

Sikumpa mawaidha. Nilikuwa nimekaa pale nikimwona mtu ninayemjua sana, mwenye miaka 17 badala ya miaka yangu. Yule binti aliyelala ukutani aligeuka, akafunua uso, akamtazama mwenzake kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kuwa hakuwa peke yake shimoni. Akamwambia, "Kumbe na wewe?"

Mke wangu akaniashiria nitoke. Nje mama alikuwa amekwisha kupika uji wa uwele, akauliza amimine vikombe vingapi. Nikamwambia vitano. Simu ilitolewa nje na yule msichana mwenyewe, akampa mama ya mwenzake, akasema aichukue jioni akienda nyumbani. Mtihani wao ni Novemba. Nilipofika barabarani niliwasikia wanacheka, sijui kwa nini, huenda ni juu yangu.